Mtaro Namba Arobaini na Saba

Mto wa huku unaitwa Nene,
ingawa kiangazi hiki umekonda hadi mbavu zinahesabika,
na shayiri ya Bi Tebbutt imekauka konde zima
isipokuwa mistari:
mistari ya kijani, minyoofu, yenye pembe,
kana kwamba mtu alilaza rula juu ya bonde
akachora nyumba akasahau kuijenga.

Droni iliiona kwanza. Sisi tukafuata na tingatinga.
Gethin alibandua udongo wa juu polepole,
kama abanduaye ukoko na hataki uvunjike,
na chini yake mistari ilikuwa imegeuka,
kahawia ndani ya changarawe ya manjano:
ua wa mraba, ua mwingine ndani ya ua,
njia ya kuswagia ng'ombe,
kisha mashamba, mashamba,
yakishikana bega kwa bega kuteremkia majini.

Nimepewa mtaro namba arobaini na saba.
Nimepewa mwiko, koleo, ndoo iliyopasuka mdomo.
Kazi yangu nikiieleza nyumbani wanacheka:
nachimba shimo lililokwisha kuchimbwa.
Mtu alilichimba, mvua zikalifukia,
nami nalipwa kwa saa
nilirudishe lilivyokuwa,
tupu.

Usipoziba ufa, tunasema, utajenga ukuta.
Kwao ilikuwa kinyume: usipozibua mtaro
utalala na mto kitandani.
Wakazibua. Tabaka ni mashahidi.
Hapa ulikatwa mara ya kwanza, mwembamba, wenye hasira.
Hapa ulijaa tope, ukakatwa tena,
shubiri moja kaskazini ya ule wa mwanzo.
Hapa mara ya tatu, na huyu wa tatu
hakufika chini.
Namwelewa. Bila shaka ilikuwa alasiri.

Alhamisi walikuja watoto wa shule.
Dhahabu iko wapi? akauliza mmoja, Barnaby, kikohozi kimembana.
Nikamwonyesha jino la ng'ombe,
vigae vya chungu cha kijivu,
nusu ya jiwe la kusagia.
Na mfalme?
Hakuna mfalme. Roma, nilimwambia, kwa watu hawa
palikuwa mahali kodi ilipokwenda.
Akaandika "kodi". Akaandika "ng'ombe".
Akasimama ukingoni muda mrefu kuliko wenzake.

Jioni Bi Tebbutt huja na chupa ya chai.
Mumewe, Clifford, na akina Wignall wa ng'ambo
waligombea mpaka miaka ishirini na miwili:
mawakili, barua, ua wa miiba uliong'olewa usiku,
mazishi ambayo upande mmoja haukuhudhuria.
Leo amesimama juu ya changarawe na kuufuata mtaro kwa kidole
kutoka kwake, mshazari, katikati ya ugomvi,
hadi shambani kwa Wignall,
bila kumtambua huyu wala yule.
Alicheka mpaka chai ikamwagika.
Kisha akanyamaza. Kisha:
"Clifford angekasirika sana,"
kwa sauti ya mtu anayetamani kuiona hasira hiyo
walau mara moja tena.

Siku ya mwisho, kwenye ncha, palipokuwa na lango,
nilikuta misumari midogo, thelathini na mmoja,
imejipanga umbo la wayo.
Wa kushoto. Ngozi imeoza, mguu umeondoka,
misumari imebaki inakanyaga.
Nilipiga picha. Nikaandika namba.
Halafu, Gethin akiwa hatazami,
niliweka kiganja changu kando yake nikapima:
mtu mfupi.
Mfupi, naye alibeba udongo huu wote.

Jumatatu wenye barabara wanaanza.
Lami itapita hapa, nayo ina mitaro yake,
na kuna siku mtu atalipwa kuizibua.
Mawingu yamekusanyika upande wa magharibi.
Kona moja ya arobaini na saba nimeiacha;
sikufika chini.
Katika fomu, penye sababu, nimeandika: mvua.
Haikuwa mvua bado.
Ilikuwa alasiri.